Mlango wa Msaada ni Upi? Maneno kwa Wafugaji na Wakulima wa Garissa

Mfugaji wa Garissa akisikia habari ya msaada wa Serikali, mara nyingi huwaza lori la mahindi. Si ajabu, kwa sababu lori huonekana na watu wote, na hufika wakati wa taabu. Lakini lori la mahindi ndio msaada wa mwisho, unaokuja baada ya mingine yote kukosekana. Iko misaada iliyo bora kuliko huo: chanjo, bima ya mifugo, fidia ya mnyama aliyeliwa na simba, fedha za kuchimba lambo, mbolea ya bei nafuu, na shauri la mtaalamu. Misaada hii haiji kwa lori. Sharti uifuate, tena uifuate mapema, kabla kiangazi hakijashika.

Zamani watu walizoea kumngoja Bwana Mifugo afike kwao. Siku hizi desturi imegeuka, na mfugaji au mkulima mwenyewe ndiye hutakiwa kuomba. Sababu yake si uvivu wa maofisa. Kaunti ya Garissa ina kadiri ya kilomita za mraba 44,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 841,353, wengi wao wakihamahama na wanyama wao. Bwana Mifugo mmoja hawezi kulala katika kila boma. Akienda mahali, huenda alikoitwa.

Twajua pia ya kwamba wazee wetu wana sababu ya kuiogopa ofisi. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa mpaka mwaka 1991, na kwa miaka hiyo yote mtu aliyejua kukaa mbali na ofisi alihesabiwa kuwa ana akili. Lakini watoto wa wazee hao wanafuga leo, na akili ile ile inawapotezea mali.

SERIKALI MBILI

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: milango ni miwili, wala si mmoja. Katiba ya mwaka 2010 iligawa kazi, na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, kilimo na mifugo ni kazi ya kaunti. Chanjo, soko la mifugo, machinjio, kuzuia maradhi ya wanyama na ya mimea, na ushauri wa shambani, yote hayo waulize watu wa kaunti. Serikali ya Taifa nayo imebaki na mambo mengine yanayomgusa mfugaji kila siku: ukame, wanyama wa porini, na maji ya mto.

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Chifu ni mtu wa Serikali ya Taifa. Msimamizi wa wadi ni mtu wa kaunti. Mtu hutembea siku nzima kwenda kwa chifu kuomba chanjo ya mbuzi, chifu humwambia hana dawa, naye hurudi nyumbani akisema Serikali imekataa. Haikukataa, amebisha hodi kwa jirani. Chifu mwema humwonyesha mlango wa pili, lakini si vizuri kutegemea hilo.

Basi kwa habari za mifugo na shamba, anza kwa msimamizi wa wadi yako. Wadi za Garissa ni 30. Yeye akikosa jibu, nenda ofisi ya kaunti ndogo: kwa watu wa Lagdera ofisi ziko Modogashe, kwa watu wa Ijara ziko Masalani, kwa watu wa Fafi ziko Bura ya ng'ambo hii ya mto, na Balambala, Dadaab na Garissa mjini zina zao. Mwulize ofisa jina lake na namba yake ya simu, uiandike. Namba hiyo itakufaa siku ambayo mnyama ameanguka nawe uko mbali na barabara.

MARADHI HAYANGOJI

Twataka kukaa kidogo katika jambo hili, maana hapa kuchelewa kumeua watu wala si wanyama tu.

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua za deyr zilinyesha kupita kiasi. Maji yalisimama mahali pengi, mbu wakazaliana, kisha kondoo wakaanza kuharibu mimba na wana-mbuzi wakafa. Hiyo ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa. Desemba ile wagonjwa wa kwanza wa kibinadamu walijulikana huku kwetu Garissa, na kabla homa haijaisha mwaka 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini Kenya. Soko la mifugo lilifungwa, na wanyama wakazuiwa kusafirishwa. Maradhi hayo hayo yalikwisha kupita hapa katika mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998.

Wataalamu waliokuja baadaye kuwauliza wafugaji waligundua jambo la kutia huzuni. Wafugaji wa Kisomali waliyatambua maradhi hayo vizuri, na wana jina lake, sandik, kwa ajili ya damu itokayo puani. Waliwaona mbu, wakaona mimba zikiharibika, wiki nyingi kabla ya madaktari wa mifugo kufika. Habari ilikuwapo nyikani, lakini haikufika ofisini. Wangaliitwa siku ile kondoo wa tano alipoharibu mimba, pengine watu wengi wangaliambiwa mapema wasichinje mnyama mgonjwa na wasinywe maziwa mabichi.

Kwa hiyo usingoje mpaka uwe na hakika. Ukiona mimba nyingi zinaharibika kwa pamoja, au mbuzi wengi wanakohoa na kupumua kwa shida, au vidonda mdomoni pamoja na kuhara, mpigie Bwana Mifugo siku hiyo hiyo. Sheria ya Maradhi ya Wanyama inamtaka mwenye mnyama atoe habari ya maradhi makubwa, na kutoa habari si kosa, hata kama baadaye itaonekana ni jambo dogo. Mnyama aliyekufa hivyo asichunwe wala asiliwe.

Chanjo nayo ina wakati wake. Chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa yafaa itangulie mvua, kwa maana mbu wakiisha kujaa wakati umekwisha kupita. Vivyo hivyo kwa sotoka ya mbuzi na kondoo, na homa ya mapafu ya mbuzi. Watu wa boma tano au sita wakikubaliana mahali pamoja pa kukusanya wanyama, kisha wakatuma habari kwa ofisa, ni rahisi kupata kundi la wachanjaji kuliko mtu mmoja mwenye mbuzi 30. Lori la wachanjaji linakunywa mafuta. Litakwenda penye wanyama wengi.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Serikali ilipotangaza nia ya kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 nchini kote, maneno mengi ya ajabu yalienea kwa simu juu ya dawa hiyo. Mtu akiwa na shaka na auulize uso kwa uso, amwulize daktari wa mifugo: dawa hii ni ya maradhi gani, imetengenezwa wapi, mnyama mwenye mimba afanyeje. Hayo ni maswali mazuri, na ofisa ana wajibu wa kuyajibu. Kununua dawa iliyokaa juani sokoni, isiyojulikana ilikotoka, ndiko kwenye hatari.

Neno moja zaidi kwa wanaouza wanyama katika soko la Garissa: mnyama anayesafirishwa kwenda nje ya kaunti huhitaji cheti cha daktari wa mifugo. Kichukue kabla ya kupakia.

UKAME UNA NGAZI ZAKE

Habari za ukame ni kazi ya mamlaka ya Taifa ambayo watu wote huiita NDMA. Ilianzishwa mwaka 2011, ikawekewa sheria yake mwaka 2016, nayo hufanya kazi katika kaunti 23 zilizo kavu. Kila mwezi hutoa taarifa juu ya kila kaunti: mvua, malisho, mwendo wa kufuata maji, bei ya mbuzi, maziwa, na hali ya watoto. Kisha husema kaunti iko katika ngazi gani, yaani kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au kupona.

Wafugaji wengi hawajapata kuisikia taarifa hii, ingawa imeandikwa kwa ajili yao. Mtu mmoja wa boma anayejua kusoma, kijana au msichana wa shule, na awe akiitafuta kila mwezi na kuwasomea wazee. Ngazi hizo si maneno tu. Ndizo zinazofungua fedha za dharura za kununua chakula cha mifugo, kupeleka maji, na kununua wanyama kabla hawajafa. Tena zakupa wewe mwenyewe shauri la kuuza. Ngazi ya tahadhari ikitangazwa, mbuzi bado ana nyama na mnunuzi bado ana hamu. Ngazi ya dharura ikifika, ng'ombe ni ngozi na mifupa, na bei yake haitoshi gunia la unga.

Tumeyaona hayo karibuni. Tangu deyr ya mwaka 2020 mpaka deyr ya mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kwa kufuatana, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa katika nchi kavu za Kenya. Mwaka 2021 Serikali iliituma Kenya Meat Commission kununua wanyama wa wafugaji. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuchukua wanyama wote. Huenda kwa orodha, na orodha huandikwa wadini na kwa machifu. Aliye mbali na asiyeandikwa hubaki na mizoga.

Iko pia bima ya mifugo, na hii yahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu watu wengi huifahamu kinyume. Bima hii haimhesabu mnyama aliyekufa. Hakuna mtu atakayekuja kutazama mzoga wako. Setilaiti iliyo juu angani hupima ukijani wa malisho katika sehemu yenu, kisha hulinganishwa na miaka iliyopita. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, hulipwa kila aliyejiandikisha katika sehemu hiyo, awe amefiwa na ng'ombe au hajafiwa. Nia yake ni upate fedha ya kununua majani na maji wakati ng'ombe angali hai. Lakini ng'ombe akifa kwa maradhi huku majani ni mabichi, bima hii haina neno.

Serikali ilianza mpango wake wa bima mwaka 2015 huko Turkana na Wajir, kisha ukaenea katika kaunti nyingine kavu, na Garissa ikiwamo. Wakati huo Serikali ilimlipia kila aliyechaguliwa ada ya wanyama watano wa kipimo, nao walihesabu ng'ombe mmoja kuwa sawa na mbuzi au kondoo 10. Tangu mwaka 2022 mpango mwingine uitwao DRIVE umeshika mahali pake, na katika huo mfugaji hutoa sehemu ya ada na Serikali huongeza iliyobaki. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ada ya msimu huu ni ngapi, na ni nani aliyeruhusiwa kuipokea, ili usimpe fedha mtu wa njiani.

Na wengine huuliza kama bima ni halali. Kwa ajili yao imekuwapo takaful, ambayo watu huchangiana kwa kufuata sharia ya Kiislamu. Machi 2014 wafugaji zaidi ya 100 wa Wajir walilipwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo swali hilo lina jibu, na sheikh wako anaweza kuusoma mkataba.

Kitu kinachowaponyoka watu ni tarehe. Bima huuzwa kabla ya mvua: Januari na Februari kwa ajili ya gu, Agosti na Septemba kwa ajili ya deyr. Mvua ikiisha kukosa, hakuna atakayekuuzia.

SIMBA, FISI NA TEMBO

Mnyama wa porini akikuletea hasara, mlango ni wa Shirika la Wanyamapori, KWS, wala si wa kaunti. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yaruhusu fidia. Mtu akiuawa, jamaa zake wastahili Sh. 5,000,000, akipata kilema cha maisha, Sh. 3,000,000, jeraha jingine, mpaka Sh. 2,000,000 kwa kadiri yake. Mifugo na mazao hulipwa kwa bei ya soko.

Lakini ziko sharti. Si kila mnyama yumo katika orodha ya sheria. Simba, chui, fisi, duma, tembo, kiboko na mamba wamo. Tena mtu asiyeilinda mali yake kwa kadiri ya uwezo wake hanyimwi kwa uonevu akinyimwa, kwa kuwa sheria yasema hivyo wazi. Boma lenye mwanya ambalo fisi ameingia mara tatu litaulizwa. Mzoga usiusogeze, upige picha, upige picha na nyayo, uite ofisa aje aone, kisha jaza fomu. Madai huenda mbele ya kamati ya kaunti. Hatutaki kukudanganya: malipo huchelewa, na wako watu waliongoja miaka. Ndiyo sababu yafaa uweke nakala ya fomu yako. Asiye na nakala hana pa kuanzia anaporudi kuuliza.

WAKULIMA WA MTONI

Ninyi mnaolima ndizi, maembe na matikiti ukingoni mwa Tana, toka Balambala na Sankuri kushuka mpaka Masalani, msidhani maneno haya ni ya wenye ngamia tu. Tangu Septemba 2022 Serikali imekuwa ikiuza mbolea kwa bei iliyopunguzwa. Mfuko wa kilo 50 ulishuka mpaka Sh. 3,500, na mwaka 2023 mpaka Sh. 2,500, wakati dukani ulikuwa umepita Sh. 6,000. Aliyeipata ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la wakulima, na uandikishaji huo ulipitia kwa machifu. Hapa basi, kinyume cha habari za chanjo, chifu ndiye mlango.

Mwenye mashine ya kuvuta maji anahitaji kibali cha Mamlaka ya Maji, kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Wengi hawana, nao hudhani ni kodi tu. Lakini mwenye kibali ndiye anayehesabiwa maji ya mto yanapopungua na watu wakagawana. Wala usilime mpaka ukingoni kabisa. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalionyesha mto hufanya nini na shamba lisiloachia ukingo miti yake. Kituo cha utafiti cha KALRO kiko Garissa. Ukiwa na mdudu usiyemjua au udongo wenye chumvi, uliza huko.

Juu ya mathenge, mti huo uliletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, na mwaka 2008 Serikali yenyewe ikautangaza kuwa magugu mabaya. Watu wa Baringo walifika mahakamani mwaka 2006 na mbuzi asiye na meno, yaliyooza kwa kula maganda yake matamu. Usiache mbuzi wale maganda mazima, maana hupoteza meno na kusambaza mbegu. Yakisagwa, mbegu hufa na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo. Ukitaka kuchoma makaa ya mathenge, pata kwanza kibali cha Shirika la Misitu, la sivyo mzigo wako utakamatwa barabarani pamoja na lori.

MALAMBO NA VIKUNDI

Msaada mwingi wa fedha hauendi kwa mtu mmoja, bali kwa kikundi. Mpango wa kilimo kinachostahimili tabia ya nchi ulioanza mwaka 2017, na Garissa ilikuwa mojawapo ya kaunti 24 zilizomo, ulitoa fedha kwa vikundi. Kwa Sheria ya Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, watu 10 watosha kuandikisha kikundi katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Akina mama wenye mbuzi wa maziwa wanaweza. Vijana wanaokata majani na kuyakausha wanaweza.

Ardhi nayo ina habari ya namna hiyo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yairuhusu jamii iandikishe ardhi yake. Mpaka hapo, kaunti huishika kwa amana tu. Watu wa Ishaqbini huko Ijara wametenga malisho yao kuwa hifadhi ya jamii, na mwaka 2012 wakazungushia ua sehemu moja kwa ajili ya hirola, mnyama ambaye duniani kote hawafiki 500. Hirola ametoweka mahali pengi, lakini hapo wanazaa, na walinzi ni vijana wa hapo hapo.

Kwa habari ya malambo, kila wadi ina kamati ya mipango ya mabadiliko ya tabia ya nchi, nayo hupokea maombi ya jamii na kuyapeleka kaunti. Kabla hamjaomba lambo, wazee na wakae wafikiri lambo liwe wapi. Mara nyingi limeombwa karibu na kijiji kwa sababu ndiko walioomba wanakoishi. Maji yakapatikana, watu wakajenga, na baada ya miaka michache malisho ya kiangazi yakageuka vumbi kwa mwendo wa nusu siku pande zote. Maji yaliyowekwa katika malisho ya mvua, yakakauka malisho yale yanapokwisha, huwalazimisha wanyama kuhama kama zamani. Mwambieni mhandisi hivyo, na mwandike katika ombi ni miezi gani lambo litatumiwa na ni nani atakayelifunga.

Mkienda, chukueni vitambulisho, cheti cha kikundi, daftari la mkutano lenye sahihi na alama za vidole, na namba ya simu iliyoandikishwa kwa jina la mwenyewe. Fedha nyingi za Serikali siku hizi hupitia simu au benki, na laini iliyoandikishwa kwa jina la mpwa aliye Nairobi imewahi kumlipa mpwa.